Blanketi la Mwenze

Jumapili, 9 Desemba 2012

Nimemaliza herufi ya M! Nimeifumua na kuirudia mpaka sufu ya kijani imeanza kuchakaa, lakini sasa imesimama vizuri. Aliyenifundisha kufuma ni madame Mathilde, pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Macho yake hayaoni tena. Kila nikimpelekea supu analipapasa blanketi kwanza, ananiambia nimekosea wapi, ndipo anakula.

Bado W, E, N, Z, E. Mdogo wangu Rolande atajifungua Januari na mtoto ni wa kike. Hajaniambia atamwita nani. Wala hana haja! Mama alipokufa kule Lubumbashi nilimbeba mimi mgongoni. Nikamsomesha mimi, nikamleta Ulaya mimi. Kwetu ukizaa unampa mtoto jina la yule aliyekulea. Kwa hiyo nitakuwa na majina wangu, wajina kabisa — Mwenze mdogo — na mimi ndiye nitakayemvika nguo ya kwanza.

Kanisani nimekwisha kuwaambia watu. Labda ningenyamaza kwanza. Ah, kwa nini?

Jumamosi, 15 Desemba

Nimeongea na Rolande. Huko kwao Croydon, Uingereza, kila kitu kizuri. Mabasi yana ghorofa. Mkunga anamwita mpenzi. Na kila akifungua mdomo ni Mbombo. Mbombo amempeleka hospitali. Mbombo amemletea sombe ya majani ya muhogo. Mbombo amesema asilale chali. Nimeuliza, huyu Mbombo ni nani hasa? Eti mama mmoja wa kanisa lao, ana watoto sita, anampenda kama mdogo wake.

Mdogo wake! Mdogo mwenyewe ni wangu.

Na hiyo sombe inatoka wapi? Si hapahapa kwetu, maduka ya Matonge, kwenye friza! Nilitaka kumwambia. Nimesema tu amsalimie.

Jumanne, 15 Januari 2013

Amezaa! Mzima, mtoto mzima, nywele tele. Cédric mumewe amenipigia nikiwa kazini, nimelia katikati ya korido mpaka Mathilde akanipa leso yake. Jina hakusema. Nilitaka kuuliza, simu ikakatika. Blanketi liko tayari, jina lote limekamilika, nimelipiga pasi.

Mbombo alikuwa chumbani wakati wa kuzaa. Yeye ndiye aliyemshika mkono. Sawa.

Jumatano, 16 Januari

Chloé Mbombo.

Alhamisi, 17 Januari

Nimekwenda kazini kama kawaida. Mathilde ameuliza, Mwenze mdogo anaendeleaje? Nimesema vizuri, ananyonya sana.

Blanketi nimelitia kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Nilitaka kulifumua lote. Nimevuta uzi mmoja, mkono ukakataa.

Jumapili, 3 Februari

Baada ya ibada maman Tshibangu, shangazi yake Cédric, amenivuta pembeni penye makoti. Ana sauti ya chini ambayo kanisa zima huisikia.

"Usikasirikiye Rolande, maman. Ye alitaka jina yako. Famille ya bwana njo ilikatala. Unajua, jina inabebaka maisha ya mwenyewe. Mutoto mwanamuke, na wewe haukuzala… Bon. Baliogopa."

Bon! Kisha akaniuliza kama leo kuna chai.

Kumbe ni hivyo. Mume wangu Constant aliniacha kwa jambo hilihili, akaenda Liège kutafuta watoto, akawapata. Nilidhani limeishia pale. Kumbe tumbo langu bado lina kazi, linavuka bahari kwenda kutisha watu Uingereza.

Nimerudi nyumbani Forest kwa miguu ingawa tramu ilikuwepo. Nimewaza njia nzima. Sasa niandike, maana hapa hakuna wa kunicheka: namwonea wivu huyo Mbombo. Wivu wa kweli, unaouma kama kidonda cha tumbo. Namwonea wivu kwa watoto wake sita, kwa jina lake, kwa ule mkono ulioshikwa. Hata kwa sombe yake! Familia ya Cédric waliogopa, haya, wao hawanijui. Lakini Rolande ananijua. Na Rolande alikubali.

Jumamosi, 30 Machi

Wamekuja kwa Pasaka. Kesho mtoto ataonyeshwa kanisani kwetu. Nimewangoja stesheni ya Midi kwenye baridi — Machi inaisha na bado baridi ya Januari! Cédric hakupata likizo, kwa hiyo aliyekuja kusaidia mizigo ni… Mbombo. Majina wa mtoto, ana haki.

Nilikuwa nimetayarisha uso wangu. Nilitegemea mwanamke wa wigi na manukato, wa kuangalia viatu vya watu. Akashuka mama mfupi, amevaa kofia ya mwanawe wa kiume, mabegi kwenye mabega yote mawili, ananiita yaya, dada mkubwa, kabla sijafungua mdomo. Tangu mchana natafuta kasoro. Nimepata moja: anaongea huku anatafuna. Ameosha vyombo vyangu vyote. Amesifu bukari yangu, ugali wa kwetu, akajiongezea. Na mtoto akilia kwangu, akifika kwake ananyamaza. Nimejaribu tena jioni. Vilevile.

Chloé ana masikio ya mama yetu. Nimemwambia Rolande. Amesema ndiyo yaya, akaangalia pengine.

Ndani ya nyumba hii mimi ni yaya tu, kwa wote wawili. Tangu wafike hakuna aliyetamka jina la Mwenze. Nafikiri Mbombo hata halijui.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Naandika chooni, mlango nimeufunga. Wao wako kwenye korido, wamevaa makoti, wananingoja mimi.

Ni hivi. Asubuhi nilikuwa jikoni nakaanga mandazi. Mtoto akatapikia blanketi lake la Uingereza, lote likalowa. Nikamsikia Mbombo anavuta kiti chumbani kwangu, kuelekea kabatini. Na alivyo mfupi! Sikuelewa upesi. Alipotokea jikoni alikuwa amembeba Chloé, amemfunika vizuri mpaka kidevuni, na kifuani pa mtoto limekaa jina langu, kijani, herufi kubwa.

Akasema nimemficha mtoto kitu kizuri namna hii, mimi ni mchokozi. Akalisoma kwa kidole.

"Mwenze. Mwenze njo nani?"

Rolande alikuwa mezani. Nikamwangalia. Sikutaka mengi. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni yaya. Mafuta yakaanza kutoa moshi, nikayaacha.

"Ni marque," akasema Rolande. "Marque ya magasin."

Mbombo akafurahi. Akaniuliza magasin yenyewe iko wapi, binti yake mkubwa ana mimba, anunue moja kabla ya kurudi. Nikamwambia ilifungwa. Nikazima jiko, nikaja huku.

Marque! Alama ya duka! Mimi niliyemsuka nywele, niliyekesha naye alipougua surua, niliyemfundisha kuandika hilo jina kabla hajajua lake. Leo mimi ni duka. Na wala simwonei wivu Mbombo tena asubuhi hii, maskini, yeye kosa lake ni kuuliza. Nataka kumkasirikia mtu mwingine na siwezi, nimezoea kumpenda.

Rolande anagonga. Anagonga kwa kucha, polepole, kama alivyokuwa akigonga kwangu akiwa mdogo, mvua ya radi ikianza. Ananong'ona ili mwenzake asisikie.

"Yaya. Nimutoshe ile blanketi? Kanisani bantu bote batasoma."

Watasoma, ndiyo. Maman Tshibangu anakaa mstari wa mbele na miwani yake mipya. Namsikia Mbombo anamwimbia mtoto, anasema amelala, tusimfunue, nje kuna baridi.

Rolande hajaondoka mlangoni. Naona kivuli cha viatu vyake chini.

Nikimwambia alitoe, atalitoa. Hilo ndilo ninaloogopa.

Anagonga tena.