Kisimamo cha maulidi uani kwa Bi Mwanasha

Mwabungo, Alhamisi, Mfunguo Sita 1956

Na magoti bado yanauma, lakini sijuti.

Mwalimu mpya wa msikitini alituletea agizo: wanawake wakisoma maulidi wasisimame, wasiyumbe, na sauti zisivuke ua. Nimepekua vitabu vya marehemu baba, sikuona katazo hilo. Kwetu Siu, kisiwani Pate, mama alinifundisha kuyasoma kwa mwili mzima, bega kwa bega na wenzangu. Lakini hapa, baada ya miaka arobaini, bado naitwa mgeni. Nilihofia nikivunja agizo wataniambia nirudi kwetu, na kwetu hakuna tena anijuaye.

Leo alasiri, uani kwa Bi Mwanasha, tulipofika mahali pa kusimama kwa heshima ya Mtume, hakuna aliyeinuka. Nikashika ukuta, nikasimama peke yangu.

Bi Mwanasha akaninong'oneza, "Dada Zena, swala waiswali kitako kwa ajili ya magoti. Kwa maulidi yamepona?"

"Hayajapona, mwenzangu. Nishike mkono."

Akacheka, akainuka, akanishika. Nikayumba, naye akayumba. Kisha wote wakasimama, na nina hakika tulisikika hadi njiani.

Baada ya magharibi mwalimu ametuma mtu kusema nyumba ile isisomewe tena maulidi. Bi Mwanasha ameogopa. Ana mume atakayemwuliza. Mimi ni mjane, na nyumba hii niliijenga mwenyewe. Nimekwisha kuwapitia wenzangu wote majumbani: Alhamisi ijayo tunasoma kwangu, na mlango wa njiani utakuwa wazi.