Mashini Itangoja, Papa Riziki

Papa Riziki,

Leo tena nimeandika "Kqsulu". Barua ya mteja ya kuomba kazi, na juu kabisa, penye anwani, Kqsulu. Hajati wetu wa steshenari akaichomoa kwenye printa, akaitazama, akasema, "Anjelina, Kiarabu nakisoma. Hiki ni cha wapi?" Nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka, nikaenda kusimama nyuma ya mashine ya fotokopi.

Vidole hivi ni kazi yako. Ulinifundisha kuchapa kwa kibodi ya Kifaransa, ile uliyokimbia nayo toka Kongo, ambayo A imekaa pale wengine wanapoweka Q. Sasa Hajati amenunua laptopu mpya. Nzuri, jamani, nyepesi, sikatai. Lakini kabla haijafungua kitu inataka barua pepe, inataka namba ya simu, na juzi imegoma katikati ya kazi, eti leseni imekwisha. Barua za wateja zimo ndani, tunaona majina tu, hazifunguki. Hajati akaipiga kofi. Akaniambia, "Papa wako angekuwepo angetucheka."

Nikamwambia usingecheka. Ungesema "Bon, haya," ungevuta kiti.

Mimi nilikuwa mbishi, unajua. Ulipoiunga ile kompyuta ya mezani kutoka kwenye maboksi ya kompyuta zilizokufa, ukaiwekea programu huru, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia jirani, nilikuambia, "Papa, kompyuta ni kompyuta, mradi inaprinti." Na siku ilipokataa kuprinti, tukashinda kutwa nzima tumeikodolea macho, nilikusema mpaka baadaye nikaona aibu. Hapo bado sijabadilika: uhuru wako ulikuwa na usumbufu wake. Wewe ulijibu tu, "Binti, ikiharibika tunaifungua sisi wenyewe. Hatuombi kibali."

Kibali. Ulilisema neno hilo kila wiki, na mimi likanipita.

Binti yako Riziki aliponipigia kuniambia presha imekuchukua, nilijifunga kitenge nikapanda bodaboda hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Getini wakaniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, kibali chako?" Sikuwa nacho. Sikujua hata kama mgeni anahitaji kibali kuingia kambini. Ningejuaje? Miaka yote ile ulikuja wewe! Nilisimama pale getini nikayasikia mazishi yako kwa simu, Riziki kainyanyua juu ili niisikie kwaya. Nisamehe, Papa. Sikukutupia hata konzi moja ya udongo.

Pale pale nikaikumbuka karatasi yako ya kibali, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, yenye saa yako ya kurudi kambini. Saa ikikaribia uliinuka, hata kama somo lilikuwa katikati, nami nilinuna: "Maliza basi, Papa!" Ukasema, "Mashini itangoja. Karatasi haitangoja." Nilidhani unaringa. Haki ya Mungu, nilidhani unaringa.

Sasa sikiliza. Baada ya msiba Hajati alisema fundi aje Jumamosi aifute kompyuta yako yote, aiwekee programu zile zile za laptopu. Nikakataa. Mimi, ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Nikamwambia masomo yako yote yamo humo, na la mwisho umeliacha katikati ya sentensi, kwa sababu saa yako ilifika. Hajati akasema, "Basi ichukue. Ila hapa dukani, tafadhali, uandike Kasulu."

Barua hii nimeiandika kwenye kompyuta yako, kwa kibodi yako, na A zote zimekaa mahali pake. Kesho kompyuta naipeleka kwa Riziki. Nywila sijaweka, atakayekaa mbele yake aandike. Na safari hii kibali ninacho. Nimekiweka kwenye pochi na kila baada ya muda nafungua kuangalia kama bado kipo. Sijui wewe uliwezaje miaka yote hiyo na bado ukafika hapa unachekacheka, unamsalimia kila mtu Kiha, "Mwakeye, mwakeye."

Nitaketi na binti yako, tutaanzia kwenye sentensi ile uliyoiacha. Kibali changu kinaisha saa kumi. Najua somo halitakuwa limeisha, na Riziki atanuna kama nilivyonuna mimi. Nitamwambia mashini itangoja. Halafu nitarudi mjini kuomba kibali kingine, na kingine, mpaka aweze kuifungua, kuiunga na kumfundisha mwingine bila mimi. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Papa. Huko uliko natumaini hakuna anayekuuliza karatasi.

Anjelina wako,
wa Kqsulu