Sukari kwenye Laksa

Jumamosi, baada ya isha

Na ile sukari nimeitia mwenyewe, hakunituma mtu.

Bi Salmah ndiye mama wa kijana anayetaka kumwoa Rukia wangu. Ni Mmalesia, ana kibanda cha tambi pale sokoni Fordsburg, hapa Johannesburg, na leo alituita tukaonje mapishi ya kwao. Tambi za kukaanga nilizila vizuri tu. Kisha akaleta bakuli la laksa, tambi zimezama kwenye tui zito. Harufu ile ikanirudisha Tanga, asubuhi ya Idi. Kwetu tambi za nazi ni za sukari. Nikavuta kopo la sukari ya chai, nikatia vijiko viwili kabla hata sijaonja.

Kumbe ni mchuzi wa samaki na pilipili!

Bi Salmah akaweka kijiko chini. Rukia akanifinya paja chini ya meza. Eish, nililila bakuli lote, jasho linanitiririka, maana kuliacha ingekuwa tusi la pili.

Garini, tuliposimama kwenye robot kungoja taa ya kijani, Rukia akanigeukia. "Mama, wataona tumewadharau."

Posa ikivunjika kwa sababu ya vijiko viwili vya sukari...

Sasa hivi Bi Salmah kapiga simu.

"Binti yako ameniambia kwenu tambi ni tamu," akasema. "Jumapili ijayo nakuja, unipikie."

Nitampikia. Na kopo la pilipili nitaliweka karibu na mkono wake, naye atie apendavyo.