Usipokee namba ngeni

Mama Primus, usipokee namba ngeni.

Kuna kijana kanipigia, eti anatoka bima ya afya. Shikamoo nyingi kama mkwe mpya. Eti kadi yangu inafungwa leo, nimtajie namba ya siri ya simu aniokoe.

Ya siri, Mama Primus. Hata marehemu mume wangu hakuijua.

Nikamwambia asubiri nikamue ng'ombe. Akasubiri. Nikakamua taratibu, simu kando ya ndoo, namsikia anaita bibi, bibi.

Halafu mdomo wangu huu. Nikamtania, mimi sina kitu, mwenye hela za kahawa ni rafiki yangu hapa Kibosho. Akaomba namba yako. Nikampa. Nikampa kweli.

Sasa nakupigia, simu yako inatumika. Nimepiga tena, inatumika.

Mama Primus, unaongea na nani?