Samaki wa Mpira Amepinda Tena

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina plasta kwenye kidole gumba, na wewe ndiye ninayekukasirikia.

Tangu uanze kazi gereji kule Firq, Baba hajakwenda kuvua kwenye mawe ya pwani ya Qalhat hata Ijumaa moja. Anasema amechoka. Si kweli. Macho yake hayaoni tena ndoana vizuri, na wewe ndiye uliyekuwa ukimvishia wale samaki wa mpira laini tunaowatumia badala ya chambo. Anaona haya kukuambia. Juzijuzi nilimwambia nitavisha mimi. Akacheka, kisha akasema, "Haya, binti yangu. Ukiweza, Ijumaa twende, inshallah."

Basi nimejaribu siku nne. Ncha ya ndoana naiingiza kichwani mwa samaki, naitoa kidevuni, naigeuza, kisha naizika tumboni ili isinase kwenye mawe. Maneno yote ninayo, kaka. Lakini samaki wangu anatoka amejikunja kama anayeumwa na tumbo. Nikimvuta ndani ya maji anazunguka, na mshipi unajisokota. Mama alinikuta. "Wewe! Hilo beseni langu la nguo au bahari ya Sur?" Samaki wawili wameshapasuka. Kwenye pakiti wamebaki watatu.

Unajua kwa nini siwezi? Kila tulipokaa juu ya mawe, Baba ameshatupa mshipi wake na mimi ndiyo kwanza nimeshika ndoana, ulininyang'anya. "Lete hapa, bi mkubwa, chewa watazeeka wakikungoja." Mara umemaliza, samaki amenyooka, na mimi nacheka, nashukuru. Yalikuwa mapenzi, najua. Lakini hukuniacha nikosee hata mara moja, na sasa ninakosea mbele ya Baba.

Video uliyonitumia nimeitazama mara kumi. Hata humo mikono yako ina haraka. Jana niliisimamisha kidogo kidogo, ndipo nikaona jambo ambalo hukuwahi kulisema: kabla ya kuchoma mara ya pili, unailaza ndoana ubavuni mwa samaki, unatia alama kwa ukucha pale itakapoingia. Labda mwenyewe hujui kwamba unafanya hivyo! Nikafanya vivyo hivyo. Bado amepinda, lakini kidogo. Kwenye beseni alizunguka mara moja, kisha akaenda sawa.

Kwa hiyo usinitumie video nyingine, wala usimwambie Baba angoje mpaka upate likizo. Nipigie Alhamisi baada ya Alasiri. Nitaisimamisha simu mezani, unitazame nikivisha. Ukiona nakosea, nyamaza mpaka nimalize.

Baba ameshazitoa fimbo mbili za kuvulia uani, yake na yako. Ya kwako ameifuta vumbi, akaniuliza kama si ndefu mno kwangu. Nimemwambia inanitosha.

Mdogo wako,
anayekukasirikia na kukuombea dua