Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu wote wawili, wanaendeleaje na shule? Natumaini mafua ya yule mdogo yamekwisha na sasa anakula bila kubembelezwa. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, nayo nimeshayazoea.

Najua umeshangaa kuona barua, sisi watu wa simu. Kwenye simu huwa nakwambia mama anaendelea vizuri, nawe unasema tumshukuru Mungu, halafu tunahamia habari za baridi ya huko. Simu inamfanya mtu aseme uongo haraka haraka ili mwenzake asikasirike. Leo nimekaa peke yangu mezani na hakuna wa kunikatisha. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na watoto wasiwepo.

Nilikwambia mama alipata kiharusi kidogo. Hakikuwa kidogo. Tangu mwezi wa kumi na moja mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu alichoazimwa, mguu nao hivyo hivyo. Sitakuficha tena chochote, hata yale yanayonihusu mimi.

Yalianza Januari ya mwaka jana, msimu wa sare za shule. Mama alikuwa anashona pindo la sketi, ghafla akaacha, akaweka kiganja kifuani. Akasema moyo unakimbia, unasimama, unakimbia tena, kama mtoto anayecheza ngazini. Mimi nikacheka, nikadhani ni uchovu. Wiki iliyofuata alikaa chini katikati ya kupiga pasi akashindwa kuinuka, ndipo nikampeleka hospitali.

Walimbandika nyaya kifuani. Daktari wa moyo ni mwanamke kijana, anaongea polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alituchorea moyo nyuma ya bahasha. Akasema vyumba vya juu havipigi sawasawa, vinatetemeka tu, na damu inatuama humo. Damu iliyotuama huganda, na kipande kikichomoka kikapanda kichwani, basi tena. Akaandika dawa mbili: moja ya kupunguza mbio za moyo, nyingine ya kuzuia damu isigande. "Hii ya pili asiikose hata siku moja," alisema, na alikuwa ananitazama mimi, si mama.

Mama alizichukia zote mbili. Ile ya kwanza ilimfanya mzito, miguu baridi mchana kweupe, anasinzia sindano ikiwa mkononi. Ile ya pili ilimwaibisha. Wewe unajua fundi hujichoma mara ngapi kwa siku. Zamani alinyonya kidole akaendelea na kazi. Sasa tone lilikuwa halikomi. Akigusa kona ya meza, mkono unabaki na doa la zambarau wiki nzima. Mwalimu mkuu mmoja alirudisha blauzi nyeupe, ameishika kwa vidole viwili, kwenye kola kuna kitone cha kahawia. Mteja alipotoka, mama akachukua vitambaa vyote vyeupe akavisukuma upande wangu, na tangu siku hiyo akawa anashona nguo nyeusi na za buluu tu.

Kila mwezi tulikwenda kupima damu, kuona kama dawa imezidi au imepungua. Lile benchi la kliniki lina watu, mdogo wangu! Kulikuwa na dereva mstaafu ambaye aliwahi kuziacha dawa kwa kiburi, akaanguka akinyoa ndevu. Sasa anameza akiwa amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Kulikuwa na mama wa posta, ameshameza miaka tisa, anasema amezoea dawa kama alivyomzoea mama mkwe: hampendi, lakini akichelewa anamtafuta. Mzee mwingine alisema ile ya kupunguza mbio imempunguzia na mengine, na mkewe sasa anamwita kaka. Mama alicheka hadi akajifuta machozi. Nilidhani atazoea kama wao.

Halafu ukapiga simu. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa kumi, simu nimeiweka juu ya meza ya pasi ili wote tusikie. Nakuandikia maneno yako kama ulivyoyasema, maana nimeishi nayo.

"Mama, hivi umewahi kuuliza hiyo dawa ya damu ni kitu gani? Mimi nimesoma. Ni sumu ya panya. Ile ile. Panya wanavuja damu ndani kwa ndani wanakufa." Kisha ukacheka. "Kula kitunguu saumu, kunywa maji, tembea. Moyo utatulia wenyewe."

Wewe unajua mama alivyo kwako. Ungemwambia jua ni la bati angeuliza limepakwa rangi lini. Akanigeukia.

"Ni kweli?"

Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kwenye benchi miezi mingi nyuma, nikamuuliza daktari. Alinieleza kwamba ndiyo, ni dawa moja. Nyingi inaua, kidogo inalinda, ndiyo maana wanapima kila mwezi. Kwa hiyo sikuweza kusema si kweli.

"Ni kweli, lakini..."

"Ulijua," mama akasema. "Ulijua, na ukanilisha."

Hiyo "lakini" yangu hakuna aliyeingoja. Wewe ulikuwa umeshahamia habari za mpira wa mtoto.

Kuanzia kesho yake mama alinitambulisha upya kwa wateja. "Huyu ndiye ananipa sumu ya panya na maji ya uvuguvugu." Alisema akicheka, nao wakacheka. Ila siku ya tatu alisema bila kucheka, mbele ya mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni: "Hukuolewa, hukuzaa, umebaki kunihesabia siku." Yule mama alijifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi niliendelea kumpima kiuno, na kipimo nilikikosea.

Siku ya nne nilikuwa natafuta kifungo kwenye kopo la vifungo vya mashati. Chini kabisa nikakuta vidonge vitatu vidogo vya ile dawa ya damu, vimelowa vikakauka, vimeshikana na uzi. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, anakunywa maji, anangoja nigeuke.

Hapa soma taratibu. Nilifunga kifuniko, nikarudisha kopo mahali pake, nikanyamaza.

Sikutaka afe, Mungu ananiona. Nilitaka augue kidogo. Apate kizunguzungu, ateleze kitini, aogope, kisha aseme mbele ya wateja kwamba binti yake alikuwa anajua anachofanya. Na nilitaka siku hiyo wewe uwe kwenye simu, nikusikie ukikosa la kusema. Miaka kumi na moja mimi namwogesha akiumwa, wewe unampigia simu Jumapili, naye mama huvaa nguo nzuri ili apokee simu yako. Nilichoka, mdogo wangu. Kila asubuhi nilimpa kidonge na glasi, yeye akajifanya anameza, mimi nikajifanya naamini. Tulikuwa wanawake wawili wenye adabu sana. Ilikwenda hivyo siku kumi na tisa.

Na siku hizo alikuwa na furaha! Vidole viliacha kuvuja. Alivirudisha vitambaa vyeupe upande wake bila kuniambia neno. Alikuwa anaimba. Ulipopiga alikwambia, "Nimepona, baba," nawe ukasema, "Si nilikwambia?"

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, anaunga kola ya shati jeupe. Nilisikia cherehani haisimami. Unajua mama huisimamisha kila kona. Safari hii ilikwenda moja kwa moja, grrr, kitambaa kinajikunja chini yake. Nilipoinua kichwa, mguu wake ulikuwa umelala kwenye kanyagio na sindano inapita juu ya kidole chake cha shahada, inapanda, inashuka. Yeye alikuwa anakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Nikachomoa waya ukutani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Na kidole, mdogo wangu, hakikutoa damu ya kutosha kuchafua hata kola. Damu ilikuwa imerudi kuwa nzito, kama mlivyotaka.

Jirani fundi viatu alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Kabla ya saa tano tulikuwa hospitali. Daktari wa zamu, mwanamume nisiyemjua, tayari alikuwa ameandaa sindano. Alisema ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inafaa kwa saa chache za mwanzo tu, na sisi tumewahi. Kisha akauliza:

"Ana tatizo la moyo? Anameza dawa ya kuzuia damu kuganda?"

Ningeweza kusema hamezi tangu siku kumi na tisa. Angeuliza nimejuaje. Angeuliza kwa nini sikumleta.

"Anameza," nikasema. "Kila siku. Hata leo asubuhi nimempa kwa mkono wangu."

Akaiweka sindano chini. Akasema mbili hizo zikikutana atavuja damu kichwani, hawezi kumdunga mpaka apime. Maabara ilikuwa na foleni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama mlango wake, na kila ulipofunguka nilijiambia sasa nasema. Mlango ulifunguka mara nyingi. Majibu yalitoka saa tisa alasiri. Daktari alikuja na karatasi, akasimama mbele yangu.

"Damu hii ni ya mtu ambaye hajameza dawa hiyo kwa siku nyingi."

Nikasema sijui.

"Kama ningejua saa tano..." akaanza, kisha akaikunja karatasi, akaondoka. Muda wa sindano ulikuwa umepita.

Basi, hiyo ndiyo habari. Wewe ulimtoa kidonge mdomoni, mimi nikamtoa sindano mkononi. Nimekuwa nikikuchukia peke yako tangu Novemba, nikaona si haki, nikaona heri ujue uko na nani.

Mama sasa ana neno moja tu. Yote mengine yamefutika, limebaki "panya". Akitaka maji, panya. Akitaka kugeuzwa, panya. Akinikasirikia, panya, panya, panya. Mteja mmoja alidhani nyumba imevamiwa. Kesho yake alituletea mtego.

Dawa amerudishiwa zote, na nyingine ya shinikizo la damu. Lakini mkononi mwangu hapokei. Anafunga meno kwa ule upande wenye nguvu, ananitazama. Nilijaribu uji, asali, na kusaga. Alitema vyote. Wiki ya tatu nilikuwa natafuta namba ya kliniki, kidole kikagusa ule ujumbe wako wa sauti wa mwaka juzi, unapoeleza habari za koti ulilonunua lenye zipu inayokwama. Mama akageuza kichwa. Upande mmoja wa uso ukatabasamu, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaweka kidonge. Akameza.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya kila asubuhi. Nakuwasha, anafungua, namlisha. Juzi yule daktari wa kike alisema kipimo cha damu yake hakijawahi kutulia namna hii tangu aanze dawa, akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia tumepata utaratibu.

Usije kwa sasa. Najua utataka kupanda ndege ukimaliza kusoma. Ukiingia chumbani atataka kukwambia kitu, na neno alilobakiwa nalo unalijua.

Ninachokuomba ni kingine. Huu ujumbe wa koti ameanza kuuchoka. Alhamisi alifungua mdomo zipu ilipokwama mara ya pili, jana hakufungua kabisa. Nirekodie jumbe nyingine, hata kumi. Usiombe msamaha humo, wala usilie. Akisikia unalia atafunga mdomo, na mimi sina kingine. Usitaje dawa wala hospitali. Sema umekula nini, sema mtoto amefunga bao, sema baridi imepungua. Cheka kidogo, kama ulivyocheka siku ile. Na ziwe ndefu kidogo, maana vidonge sasa ni vitatu.

Nisalimie sana wifi, umwambie kitambaa chake nimekishona na kinamngoja. Wabusu wanangu mashavuni, waambie shangazi anawakumbuka kila siku. Mjomba anakusalimu, na fundi viatu naye, anasema mgongo wake haujambo. Mola awalinde katika kazi zenu na safari zenu, awape usingizi mzuri, nami anigawie kidogo ukibaki.

Wako akupendaye, maana wa kupenda mwingine sina,

Dada yako.