Nimemwambia Kinyozi Asugue Pistoni

Dada mshauri wa gazeti, niokoe kabla mwezi haujaisha. Mimi ndiye bingwa wa injini ndogo za ndege za kuchezea mtaa mzima, yangu nikiipiga propela kwa kidole mara moja tu, inalia. Haya, uongo. Ilikuwa ikiwaka pigo la arobaini, na siku nyingine kilichowaka ni kidole. Sasa hata haizunguki.

Injini zenyewe kuukuu, kubwa kama yai, tulizinunua mimi na rafiki yangu kinyozi tukiwa vijana, duka moja siku moja, pacha kabisa, zinakunywa mafuta ya taa, etha na mafuta ya nyonyo, na ya kwake bado inalia kama nyuki aliyechokozwa, na Jumapili uwanjani mke wangu, ambaye hajanipigia makofi hata nilipotoka hospitali mzima, alimpigia kinyozi makofi mpaka pochi ikamdondoka. "Ona mwenzio, mzee," akasema, "yeye anarusha ndege, wewe unarusha matusi." Wivu ukanipanda mpaka meno ya bandia yakalegea.

Kesho yake kinyozi akaja kibandani kwangu ninakotengenezea cherehani. "Kaka, wewe ndiye fundi. Nifanyeje idumu?" Nikamwambia, "Ifungue, pistoni uisugue kwa msasa mpaka ujione uso." Nami najua fika pistoni ile haina ringi za kuziba nafasi, inabana kwa unene wake tu, ukiipunguza hata kiasi cha unywele imekufa, na vipuri havitengenezwi tena. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili! Msasa ameshanunua, mwisho wa mwezi anaifungua. Nikisema ukweli nampoteza rafiki, nisiposema anapoteza injini, na kusema kweli kuna kipande cha moyo wangu kinachotaka kuisikia ikinyamaza.

Cherehani yako niliitengeneza hukunipa hata ahsante, basi nifanyie kadogo tu: mpigie simu kinyozi, umwambie umeota.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee, cherehani ile inakata uzi mpaka leo, kwa hiyo ndoto sikuotei.

Wivu wako nauelewa. Kusikia pacha wa kitu chako akiimba mikononi mwa mwingine kunauma. Lakini kuona wivu ni kitu kimoja, kumchimbia rafiki shimo na kumkabidhi jembe achimbe mwenyewe ni kingine. Mkeo alipiga makofi kwa sababu ndege ilipaa, basi.

Na injini yako haikurogwa. Bila shaka uliiweka kabatini bila kuisafisha, mafuta ya nyonyo yakaganda kama gundi. Iloweke kwenye mafuta ya taa siku mbili, uizungushe kwa mkono taratibu, koleo usiguse. Ikiachia, kila ukimaliza kuirusha isafishe, utie matone ya mafuta ya cherehani. Mafuta unayo, uvivu ndio umezidi.

Ila hiyo ingoje. Kwanza nenda kwa kinyozi, sasa hivi, maana wateja wake husoma gazeti hili wakingoja zamu. Hata ukimkuta na kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, mkatize. Utani wako uache mlangoni. Sema, "Usiisugue, nilikudanganya, nilikuonea wivu." Akikutukana, kaa utukanwe. Akigeuka aendelee kunyoa, hapo ndipo pagumu. Kaa vilevile.